Jinsi ya kuhesabu alama za jimnastiki: mwongozo wa mzazi na kocha anayeanza

Mashindano ya watoto yakiisha, kabla hata sijakunja meza, wazazi watatu wanne huwa wameshanizunguka. Swali ni lilelile kila mwaka, ukumbi wowote ule: "Mbona wangu hajaanguka na kapata 9.8, na yule aliyekaa chini kabisa kapata 10.4?" Makocha wapya nao wana lao: alama zinaanzia kumi au zinaanzia sifuri? Nani anakata nini? Ndiyo maana nimeamua kuandika. Fuata hatua hizi na utaweza kukaa mbele ya televisheni, au kwenye meza ya plastiki pembeni ya ukumbi hapa Dar, ukatazama zoezi la sakafu na ukatoa alama unayoweza kuitetea.

Kuitetea, hilo ndilo ninalolisisitiza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtazamaji kwenye shindano moja hapa mjini. Waamuzi walikuwa wanataja namba moja tu, hakuna karatasi. Binti wa miaka kama tisa akaenda mezani, akasimama wima kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamooni. Nimekatwa wapi?" Wakatazamana. Mmoja akamjibu, "Jitahidi zaidi." Mtoto alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa, na pale mezani hapakuwa na mtu wa kumjibu. Tangu siku hiyo sikubali kukaa kwenye meza ambayo haiwezi kujibu swali hilo.

Nadharia ni hii tu, wala haizidi hapa. Zamani zoezi lilianzia kumi na kushuka. Nadia Comăneci wa Romania alipopata 10 Montreal mwaka 1976, akiwa na miaka 14, ubao wa matokeo uliandika 1.00 kwa sababu haukuwa umetengenezwa kuonyesha kumi. Tangu 2006 alama ina sehemu mbili: alama ya ugumu, ambayo kwenye skrini ni herufi D, na alama ya utekelezaji, herufi E. Ugumu unaanzia sifuri na kupanda kadiri mchezaji anavyoongeza mambo. Utekelezaji unaanzia 10.0 na kushuka kwa kila kosa. Unajumlisha mbili hizo, unatoa adhabu kama ipo, basi.

Kwa hiyo jibu la mzazi wa pale juu ni kwamba aliyeanguka alipoteza 1.0, lakini alikuwa amebeba ugumu mkubwa zaidi.

Ninayoizungumzia ni jimnastiki ya kisanii, ile ya vifaa. Wasichana wana vinne: meza ya kurukia, vyuma viwili vya vimo tofauti, boriti na sakafu. Wavulana wana sita: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, vyuma sambamba na chuma cha juu. Halaiki ya sherehe za kitaifa na sarakasi za ufukweni Coco ni vitu vizuri na vimetutolea watoto wepesi wa ajabu, ila havihesabiwi hivi. Nitatumia sakafu ya wasichana kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo tunayoweza kuiandaa kwa urahisi.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Karatasi za kutosha na kalamu za wino. Penseli acha nyumbani. Kinachoweza kufutwa kitafutwa, na kikifutwa hutaweza kukitetea.
- Simu moja ya kupimia muda na kikokotoo cha kujumlishia. Usitumie simu moja kwa kazi zote mbili.
- Futi ndefu ya mafundi, ile ya kitambaa ya mita 20 au 30, na tepu ya karatasi ya rangi inayoonekana. Maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo yanazo.
- Bendera ndogo mbili za waangalizi wa mistari. Vipande vya kitenge kwenye vijiti vinatosha.
- Watu: mmoja au wawili wa ugumu, wanne wa utekelezaji, wawili wa mistari, mmoja wa muda, mmoja wa kujumlisha. Mkiwa wachache, mmoja wa ugumu na wawili wa utekelezaji wanaweza kuendesha shindano la klabu.
- Kitabu cha Alama cha shirikisho la kimataifa, FIG. Hurekebishwa kila mzunguko wa Olimpiki; cha sasa ni cha 2025 hadi 2028, na kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Kipakue kwenye simu ukiwa na bando la kutosha, maana ni kizito.

HATUA KWA HATUA

1. Pima uwanja.

Sakafu rasmi ni mita 12 kwa 12. Usiamini macho wala vigae vya ukumbi. Pima pande nne, halafu pima ulalo wa kona hadi kona, mara mbili. Ulalo wote uwe sawa, karibu mita 16.97. Ukipishana, umeweka msambamba badala ya mraba, na mtoto anayekimbia kutoka kona moja atatoka nje bila kosa lake. Mafundi ujenzi wanaijua hesabu hii. Ukimpata mmoja kati ya wazazi, mpe kazi hiyo.

Kama mikeka yenu haifiki mita 12, na kwa klabu nyingi haifiki, weka tepu pale inapofika na utangaze vipimo kwa makocha wote kabla ya kupasha mwili. Watapunguza hatua za kukimbilia.

2. Tenganisha macho mawili.

Watu wa ugumu wakae pamoja, wa utekelezaji wakae mbalimbali. Wa ugumu anauliza: kafanya nini? Wa utekelezaji anauliza: kafanyaje? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwamuzi anaona samasoti ngumu, yaani kubinuka hewani bila mikono kugusa chini, anafurahi, anasahau kukata magoti yaliyokunjwa. Au anaona mtoto kayumba, anamnyima na thamani ya samasoti yenyewe. Ni kazi mbili za watu wawili, na waamuzi wa utekelezaji wasisemezane kabla ya kuandika alama.

3. Chora karatasi.

Kwa mwamuzi wa ugumu: safu ya tendo, safu ya herufi, safu ya masharti. Kwa mwamuzi wa utekelezaji: mstari mmoja mrefu kwa kila mkimbio au kila kipande cha ngoma, na nafasi chini yake ya kuandika makato. Waamuzi wenye uzoefu wanatumia alama za mchoro, kila tendo na kimchoro chake. Ukianza, ufupisho wako mwenyewe unatosha: "SN" kwa samasoti ya nyuma, "M" kwa mruko wa msamba, "Z" kwa mzunguko wa mguu mmoja. Muhimu ni mkono uandike huku macho yakiwa uwanjani. Jizoeze hilo nyumbani kwanza. Mtu anayeinamia karatasi hukosa kutua.

4. Andika kila tendo linalofanyika.

Mtoto anainua mkono kumsalimu mwamuzi, wewe tayari. Andika kwa mpangilio. Ukikosa tendo, acha nafasi na uendelee, usisimame kufikiri.

Tahadhari: tendo likirudiwa, linahesabiwa mara moja tu. Watoto wetu wanapenda kurudia kile wanachokiweza. Samasoti tatu za nyuma zinazofanana ni thamani moja, lakini makosa ya zote tatu yanakatwa.

5. Toa thamani na uchague nane.

Kila tendo lina herufi. A ni 0.1, B ni 0.2, C ni 0.3, unapanda hivyohivyo hadi J ambayo ni 1.0. Kwa wasichana, kwenye vyuma, boriti na sakafu, unahesabu matendo nane yenye thamani kubwa zaidi. Kwenye sakafu na boriti, yasiyozidi matano yawe ya kubinuka na angalau matatu yawe ya ngoma, yaani miruko na mizunguko ya kusimama. Kocha anayejaza zoezi kwa samasoti saba na mruko mmoja anampotezea mtoto wake.

Chukua zoezi hili, ambalo ni la kawaida kwa mtoto mwenye miaka kadhaa ya mazoezi:

Samasoti ya nyuma, mwili umenyooka, na mzunguko mmoja kamili wa kujipinda: B, 0.2
Samasoti ya mbele ya kujikunja: A, 0.1
Samasoti ya nyuma, mwili umenyooka, bila kujipinda: A, 0.1
Gurudumu la hewani, mikono bila kugusa chini: A, 0.1
Fliki-flaki, yaani kujirusha nyuma kupitia mikono: A, 0.1
Mruko wa msamba wa kubadilisha miguu hewani: B, 0.2
Mruko wa msamba wa kawaida: A, 0.1
Mzunguko mmoja kwa mguu mmoja: A, 0.1

Jumla 1.0. Matano ya kubinuka, matatu ya ngoma.

6. Ongeza masharti na miunganiko.

Kila kifaa cha wasichana, isipokuwa meza ya kurukia, kina masharti manne, kila moja 0.5. Kwenye sakafu: kipande cha ngoma chenye miruko miwili tofauti, mmoja wenye msamba wa nyuzi 180; samasoti yenye mzunguko kamili wa kujipinda; samasoti ya kubinuka mara mbili; na samasoti ya mbele pamoja na ya nyuma. Binti wetu wa zoezi hilo la mfano katimiza matatu, hana ya kubinuka mara mbili. Anapata 1.5. Ugumu wake ni 1.0 + 1.5 = 2.5.

Kuna pia nyongeza ya 0.1 au 0.2 kwa kuunganisha matendo magumu bila kusita. Kwa watoto wa klabu mara nyingi haipatikani, usihangaike nayo mwezi wa kwanza.

Kocha, nakuomba jambo moja hapa. Sharti la kubinuka mara mbili lisikufanye umsukume mtoto ambaye hajawa tayari. Nusu alama hiyo inalipwa kwa shingo. Mwache ashindane na 2.5 yake akiwa mzima.

7. Kata utekelezaji.

Hii ndiyo hatua nzito. Unaanza na 10.0. Kosa dogo ni 0.1, la wastani 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0. Watu husema "nukta moja, nukta tatu, nukta tano, moja kamili". Hakuna nukta mbili kwenye kichwa cha anayeanza, na hakuna kukata "kwa ujumla". Kila kato liwe na tendo juu yake.

Mahali pa kutazama kwa mpangilio huu: vidole vya miguu, magoti, miguu kuachana, umbo la mwili hewani, urefu wa mruko, kisha kutua. Tuangalie kutua kwa karibu, maana ndipo mabishano mengi yanapozaliwa. Mtoto anashuka kutoka samasoti. Miguu ikigusa mkeka ikabaki palepale, magoti yakalainika kidogo, mikono ikapanda, hakuna kato. Mguu ukisogea kidogo, 0.1. Akipiga hatua kubwa, pana kuliko mabega yake, au akaruka kwenda mbali, 0.3. Kifua kikilala mbele, kata tena. Akichuchumaa chini sana, kata tena. Lakini mikono ikigusa mkeka kwa kujiegemeza, au makalio yakigusa, huko ni kuanguka: 1.0, na hatua zilizomfikisha huko huzikati tena. Bila kuanguka, makosa yote ya kutua kumoja hayazidi 0.8.

Msamba nao unasumbua. Jizoeze kuona nyuzi 180 kwa kupiga picha za mazoezini zikiwa za pembeni kabisa, halafu weka rula kwenye skrini. Ukikaa kwenye kona ya ukumbi, msamba wa 150 unaweza kuonekana umenyooka, na uliokamilika ukaonekana mfupi. Ndiyo sababu waamuzi wanasambazwa kuzunguka uwanja badala ya kupangwa safu moja.

Kwenye sakafu na boriti kuna makato ya usanii pia: kucheza bila kusikiliza muziki, uso usioshiriki, mwili uliolegea kati ya tendo na tendo. Mtoto wa Dar aliyekulia kwenye ngoma na taarabu ana sikio. Mpe muziki unaomruhusu kulitumia. Kanuni inataka ala bila maneno ya kuimba, basi.

Kwa yule binti wetu nilikata hivi: kutua kwa samasoti ya kwanza hatua ndogo 0.1, magoti 0.1, samasoti ya mbele kachuchumaa 0.3, kifua 0.1, miguu kuachana kwenye ya tatu 0.1, msamba wa kwanza mfupi 0.1, wa pili 0.3, mzunguko kashusha kisigino mapema 0.1, gurudumu la hewani goti 0.3, hatua 0.1, usanii 0.3. Jumla 1.9. Nikaandika 8.1. Wenzangu watatu waliandika 7.9, 7.6 na 8.3.

Sasa toa ya juu kabisa na ya chini kabisa: 8.3 na 7.6 zinaondoka. Zinabaki 8.1 na 7.9. Wastani ni 8.0. Mwamuzi mkali na mwamuzi mpole wote wamepunguzwa nguvu bila ugomvi.

8. Ondoa adhabu.

Hizi hazikatwi na waamuzi wa utekelezaji, zinatoka kwenye jumla ya mwisho. Mguu mmoja au mkono mmoja nje ya mstari ni 0.1, miguu yote miwili au sehemu nyingine ya mwili, 0.3. Mwangalizi wa mstari anapandisha bendera na kuandika. Kukanyaga mstari wenyewe si kosa, kuuvuka ndiko kosa. Zoezi la sakafu na la boriti halizidi sekunde 90, likizidi ni 0.1. Kutomsalimu mwamuzi kabla au baada, 0.3. Hili la mwisho linaumiza watoto wadogo kwa sababu wakimaliza wanakimbilia kwa kocha. Wafundishe kumalizia na salamu kila siku mazoezini, hata wakiwa wameanguka.

Bendera ilipanda mara moja kwa binti wetu, mguu mmoja. 0.1.

9. Jumlisha.

2.5 + 8.0 − 0.1 = 10.4. Mtu wa pili arudie hesabu kabla ya kutangaza. Si hiari hata kidogo. Mchana wa Februari, ukumbi wa bati, feni moja, mchezaji wa arobaini: ubongo wa mtu yeyote unaweza kuandika 10.4 ukasoma 10.7.

10. Tangaza sehemu zote.

Sema ugumu, utekelezaji, adhabu, jumla. Usitaje jumla peke yake. Kisha ipe nafasi rufaa, kwa utaratibu: kocha pekee ndiye anayeuliza, anauliza kuhusu mchezaji wake mwenyewe, na anauliza ugumu. Alama ya utekelezaji haikatiwi rufaa. Kwenye mashindano ya kimataifa ombi linatolewa kwa mdomo kabla ya alama ya mchezaji anayefuata kutoka, na kwa mchezaji wa mwisho ni ndani ya dakika moja. Dakika hiyo si mchezo. Paris 2024, fainali ya sakafu, Jordan Chiles wa Marekani alipandishwa kutoka 13.666 hadi 13.766 kwa rufaa, akashika nafasi ya tatu. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaamua ombi lilichelewa kwa sekunde 4, na shaba ikaenda kwa Ana Bărbosu wa Romania. Weka mtu wa kuandika saa kila kocha anapofika mezani.

JIPIME KWA ALAMA ZA WAKUBWA

Fainali hiyohiyo ya Paris ndiyo somo bora ninalowapa wanaoanza. Rebeca Andrade wa Brazil: ugumu 5.900, utekelezaji 8.266, jumla 14.166, dhahabu. Simone Biles: ugumu 6.900, utekelezaji 7.833, adhabu 0.600, jumla 14.133, fedha. Biles alikuwa na ugumu mkubwa kwa alama nzima. Zile 0.600 ni kutoka nje kwa miguu yote mara mbili. Angetoka mara moja tu, angeshinda. Na ile mikia ya .266 na .833 kwenye utekelezaji inatoka kwenye wastani wa alama tatu za katikati, badala ya mbili kama kwenye mfano wetu.

Halafu fanya ya Kaylia Nemour wa Algeria kwenye vyuma, Paris hapohapo: 7.200 + 8.500 = 15.700. Dhahabu, na medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Mwafrika anayeiwakilisha nchi ya Afrika. Tafuta video, ifunge sauti, kata mwenyewe, kisha linganisha. Ukipishana na waamuzi kwa 0.5 mara ya kwanza, umefanya vizuri sana.

Kwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, jiandae kukesha. Kule ni saa kumi nyuma yetu. Saa 12 jioni yao ni saa 10 alfajiri ya Dar.

MEZA YA KURUKIA NA WAVULANA, KWA UFUPI

Mruko wa meza una thamani moja iliyokwishapangwa. Hakuna kuchagua nane. Mbio haizidi mita 25. Mikono isipogusa meza, au mtoto asipotua kwa miguu kwanza, ni sifuri. Anayeingia kwa kugeuka nyuma juu ya ubao wa kurukia lazima awe na kinga ya umbo la U iliyozunguka ubao. Bila kinga ni sifuri, na hata mazoezini usiruhusu.

Wavulana wanafuata mantiki ileile ya D na E, ila badala ya masharti wana makundi ya matendo kwa kila kifaa. Kwenye pete, mshikilio wa nguvu usimame kimya sekunde 2. Kwenye farasi wa vishikio ni kinyume chake: hakuna kusimama.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Waamuzi wa utekelezaji wamepishana sana, mmoja 8.6 mwingine 7.1. Usitangaze. Waite, kila mmoja asome karatasi yake tendo kwa tendo. Karibu kila mara utakuta mmoja hakuona kuanguka kwa sababu ya alipokaa, au kakata kosa moja mara mbili. Asiye na karatasi ya kusoma, alama yake haihesabiwi.

Mwamuzi wa ugumu kakosa tendo. Kama kuna video ya kamera iliyosimama sehemu moja, itumie kwa ugumu tu. Usirudie video kukata utekelezaji, utaona makosa ambayo jicho la kawaida halikuyaona kwa watoto wengine.

Umeme umekatika, muziki umezima. Si kosa la mtoto. Asimame, mwamuzi mkuu aruhusu, arudie toka mwanzo bila kukatwa. Mpe muda apumue. Muziki uwe pia kwenye simu, na spika ya kuchaji iwe karibu.

Mtoto kaanguka boriti akaganda kwa woga. Ana sekunde 10 za kurudi juu. Kwenye vyuma ana 30. Mtunza muda ahesabu kwa sauti ya kusikika, si ya kutisha. Kocha anaweza kusogea, lakini akimshika mtoto wakati wa tendo, tendo linakosa thamani na 1.0 inakatwa.

Watoto wadogo wote wana ugumu wa 0.6 na 0.8, alama zinawakatisha tamaa. Usiwatumie mfumo huu. Wape zoezi moja la lazima linalofanana kwa wote, waanzie 10.0, kata makosa tu. Kwa chini ya miaka tisa au kumi mimi situmii kitu kingine.

Mzazi anauliza kama binti yake lazima avae nguo fupi. Hapana. Kanuni zinaruhusu vazi la kushika mwili lenye miguu mirefu hadi vifundoni; timu ya Ujerumani ilivaa hivyo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwambie mapema, kabla hajamtoa mtoto mazoezini. Nimewaona mabinti wazuri wakiondoka kwa sababu hakuna aliyewaambia. Hereni ndogo za kipini zinaruhusiwa, bangili na mikufu ivuliwe.

Mtoto mwenyewe kaja mezani baada ya matokeo. Rufaa ni ya kocha, lakini swali ni la mtoto. Geuza karatasi imuelekee, weka kidole chini ya mstari, msomee: hapa goti, hapa hatua, hapa msamba. Mwache arudi kwa kocha wake akiwa anajua.